Punje ya Mchele

Kisu cha shangazi Rayya ni cha kukunja.
Mpini wake wa pembe umelika pale gumba linapokaa,
na ncha yake, kabla yangu mimi,
ilikuwa nyembamba hata ukiielekeza machoni
unaona mpini tu, na mkono.

Miaka ishirini na saba anatobolea kofia,
kofia za viua, chumba cha nyuma, hapa Ibra,
kiyoyozi kinakohoa, redio inasoma bei za mbuzi.
Tobo moja, kisha uzi kulizunguka tobo,
tobo jingine,
mpaka kichwa cha mtu kiote bustani.
Majirani walimuuliza: ncha kama hiyo itadumu?
Akasema, inaingia wima, inatoka wima.
Hakuongeza.

Kaka yangu Hilali naye ana chake, cha kwenye lori,
ncha nene kama sarafu ya baisa hamsini.
Hufungulia makasha, hukwangulia matope ya buti,
safari moja, njia ya Sur, alikazia skrubu ya kioo.
Hakijavunjika hata siku moja.
Wala hakijawahi kuingia mahali
pasibaki jeraha.

Ilikuwa Jumatano. Shangazi yuko soko la wanawake.
Mimi na kopo la rangi, mlango wa bafu unaningoja,
kifuniko kimegoma na bisibisi siioni.
Nikakifunua kisu chake,
nikapenyeza ncha chini ya ukingo,
nikainua.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Tk.
Kama mwanamke anayekataa kwa ulimi
akiwa jikoni, bila kugeuka.

Kipande chenyewe hakifiki punje ya mchele.
Kilizama kwenye rangi ya kijani, na mlangoni kipo mpaka leo,
sijui ubao gani.
Nikakifuta kisu, nikakikunja, nikakirudisha kibwetani.
Kisu kilichokunjwa hakina ncha,
hakina aliyeivunja.

Siku tatu nilikula naye sinia moja.
Siku ya nne alikifunua, akagusa mwisho kwa kidole,
akanitazama mikono, si uso,
akaona kijani kwenye kucha.
"Ulikiinulia," akasema, wala halikuwa swali.
"Miaka yote hii mimi nakichomea.
Wewe siku moja tu, umekiinulia."

Sanaiya, nyuma ya maduka ya matairi,
Mofazzal wa Sylhet ana jiwe linalozunguka.
Nilidhani ncha huungwa. Akacheka kwa pua.
Kwa Kiarabu chake na changu, vyote vikichechemea,
na vidole viwili, akanionyesha:
mgongo hushushwa, hushushwa,
mpaka ukutane na makali,
na pale vinapokutana ndipo ncha.
Ncha mpya hulipwa kwa urefu. Hakuna sarafu nyingine.

"Niiache nene?" aliuliza. "Nene haitakurudisha hapa."
Nikaifikiria mikono yangu.
Kisha nikaifikiria yake.
Nyembamba, nikasema.
Akagusisha jiweni, akachovya majini, akagusisha, akachovya,
chuma kisije kikageuka buluu kikalegea.
"Lakini huku nyuma bapa ni nene zaidi," akasema.
"Nyembamba ya leo siyo ile ya jana."
Riali moja na nusu.

Kofia ilikuwa nusu, juu ya mto, ikisubiri.
Shangazi aliimalizia kwa ncha hiyo hiyo
na hakufumua alichokwisha shona.

Idi, uwanjani, nimeivaa.
Upande wa kushoto matobo hayapitishi hata mtama.
Wa kulia, tangu Jumatano ile, yamefumbuka kidogo,
jua linapita, linanichoma kwa nukta juu ya sikio.
Mtu wa safu ya nyuma akaninong'oneza:
ndugu, ua lako limekosea hesabu.
Nikaivua, nikaigeuza,
nikamwekea kidole mahali:
hapa. Hapa ndipo nilipoinua.